Mbegu Niliyokataza Isigawiwe

Ule uyoga niliuona msibani. Nilitumwa nyuma ya nyumba kufuata ndoo, huko Mbagala, na kando ya choo kulikuwa na kisiki cha mkorosho kilichokatwa zamani, kimeoza nusu. Ulikuwa mwezi wa pili, jua linaunguza, mvua hakuna kwa wiki kadhaa, na juu ya kisiki kile uyoga ulikuwa umechanua shada zima, mweupe unaoelekea kijivu, mbichi kama wa Lushoto. Nikasahau ndoo. Nilichutama, nikakata kipande kwa kucha, nikakifunga kwenye leso yangu ya kufutia machozi. Shangazi akanikuta hapo. "Watu wanalia, wewe unachuma uyoga! Una akili kweli?" aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye turubai. Kwa kuchanganyikiwa nikamwambia shikamoo, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ya mshahara ni kuandaa masomo ya vitendo katika chuo kimoja hapa Dar: naosha vyombo vya kioo, napanga darubini, nawafokea wanafunzi wanaoacha koki ya gesi wazi. Sina shahada kubwa, na wenye nazo hawachelewi kunikumbusha. Kwa miaka miwili nilikuwa najaribu kuotesha uyoga wa kula kwenye chumba changu cha kupanga, Mabibo, na kila mbegu niliyonunua ilikufa kwa joto. Mbegu zile zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi. Hapa mjini waliofanikiwa nazo ni wenye mabanda yanayopozwa kwa mashine, na mwenye uwezo wa kupoza banda zima hana haja kubwa ya kuuza uyoga. Mimi nilitaka uyoga wa mwanamke anayelala chini ya bati na watoto wanne. Na sasa huu wa kwenye kisiki ulikuwa unaishi Mbagala, mwezi wa pili, kando ya choo, bila kumwomba mtu umeme.

Ilinichukua miaka mitatu kuufuga. Chumba changu hakiko mbali na soko la Mabibo, ambako ndizi hushushwa zikiwa zimefungiwa majani makavu ya migomba, na majani hayo yakishafunguliwa hayana mwenyewe: yanakanyagwa, yanalowa, yanaoza, yanaziba mifereji. Nikayafanya chakula cha uyoga wangu. Nilichemsha majani kwenye pipa, nikanunua presha kuka kubwa, nikajitengenezea kisanduku cha kioo cha kuingiza mikono ili nifanye kazi bila hewa chafu. Chupa zikioza, nilianza upya. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mchumba niliyekuwa naye alisema ninanuka mtama uliochemshwa, akaondoka, na mimi nikapata nafasi ya kuweka rafu nyingine.

Nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mbegu ya uyoga siyo punje. Ni mtama uliochemshwa na kutiwa kwenye chupa, halafu ukatawaliwa na nyuzi nyeupe za uyoga wenyewe mpaka chupa nzima inakuwa kama imejazwa pamba. Nyuzi hizo huanzia kwenye vichupa vidogo vyenye uji wa viazi ulioganda, na hivyo vichupa ndivyo nilivyoviita mbegu mama. Chupa za mtama huzeeka, mifuko ya majani ikishazaa mara tatu inachoka, lakini mbegu mama ikitunzwa safi huendelea kutoa chupa mpya. Vichupa vyangu vilikuwa ishirini na vinne, vyote vimetokana na kile kipande cha kwenye leso, na vyote vilikaa kwenye friji moja, chumbani kwangu.

Nilialikwa kwenye warsha hotelini kuzungumzia bayoteknolojia inayojenga jamii yenye haki na isiyoharibu mazingira. Niliazima koti. Nikasimama mbele ya watu, nikasema teknolojia ya haki ni ile inayokaa chini ya kitanda cha mpangaji, inayokula taka za sokoni, isiyongoja umeme urudi. Walipiga makofi sana, na wafadhili fulani wakanipa presha kuka ya pili na meza ya chuma. Hakuna aliyeniuliza mbegu mama iko kwa nani, na mimi sikuona sababu ya kulitaja hilo.

Wanawake niliowafundisha walikuwa kumi, wa mtaa mmoja Temeke. Waliniita mwalimu ingawa sijawahi kuwa mwalimu. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mtu wa Songea, umri wa mama yangu mzazi, aliyekuwa akiuza togwa barazani kwake. Nitamwita mama wa togwa, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomjua. Siku ya kwanza nilipitisha chupa ya mbegu mkono kwa mkono. Wenzake waliishika kwa woga, kama wameshikishwa dawa ya mganga. Yeye aliinusa kwenye kizibo cha pamba, akacheka.

"Hii mbona togwa tu, mwalimu."

"Siyo togwa, mama."

"Si kuna kitu kizima humo ndani kinakula nafaka? Na togwa ndo hivyohivyo. Unapika uji, unauacha upoe, unatia kimea, halafu unachota togwa ya jana kidogo unachanganyia. Ile ya jana ndo inaishika ya leo. Ndo maana sie kwetu hatumalizagi chungu. Mteja awe na kiu vipi, kidogo kinabaki. Jirani chungu chake kikiharibika anakuja na kikombe, unampa. Siku chako kikiharibika unaenda kwake. Sasa hii yako, chungu chake kiko wapi?"

"Kiko kwangu Mabibo. Kwenye friji."

"Kimoja tu?"

"Kimoja kinatosha, mama. Tuendelee na somo."

Alikuwa ameeleza kwa maneno ya jikoni jambo ambalo mimi nilisomea chuoni miaka mitatu, na badala ya kufurahi niliudhika. Naliandika hilo kwa aibu. Wakati ule nilijiambia kwamba nalinda muda wa somo.

Uyoga ulikubali. Mifuko ya majani ya migomba ilining'inia kwa kamba chini ya madirisha, nyuma ya milango, juu ya vitanda vya watoto, na baada ya wiki chache ikaanza kutoa masikio yake ya kijivu. Wanawake wale walikula, wakauza kwa mama lishe, wakauza kwenye hoteli moja iliyokuwa inaagiza uyoga kutoka mbali. Mmoja aliacha kufua nguo za watu. Mwingine, mwenye watoto wanne na mume aliyekuwa amelala kitandani tangu aanguke kwenye jengo, aliachia genge lake la nyanya kwa mtu mwingine, kwa sababu nilimwambia kwa kinywa changu kwamba mbegu haitakosekana. Nilimwambia nikiwa nimeweka mkono begani mwake. Nakumbuka mpaka rangi ya kitenge alichovaa siku hiyo.

Halafu nikaweka sheria. Mbegu isigawiwe kwa mtu asiye mwanakikundi. Mtu asizalishe mbegu nyumbani. Mfuko uliochoka uchemshwe kabla ya kutupwa, asije mtu akaokota kipande akaanzisha wake. Ningeweza kusema ni wafadhili waliotaka hivyo, na kweli kulikuwa na karatasi yao iliyosema mbegu isitoke mpaka isajiliwe. Ningeweza kusema niliogopa ukungu wa kijani, ule unaoingia kwenye chupa chafu na kula kila kitu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini nikisema ni hayo tu nitakuwa muongo. Mhadhiri mmoja pale chuoni, mtu mpole, alinishauri niweke nakala za mbegu mama sehemu mbili tatu, hata kwake akanipa nafasi. Nikamwona mwizi. Nilikuwa nimedharauliwa miaka mingi, na kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani ambacho kila aliyekitaka alilazimika kubisha hodi kwangu.

Siku moja mwanakikundi mmoja alikuja Mabibo na chupa ndani ya mfuko wa rambo. Ilikuwa chupa ya juisi, ya mdomo mpana, imezibwa kwa pamba, na ndani yake mtama ulikuwa umeshikana na kuwa mweupe pe. Haikutoka kwangu.

"Ni ya mama wa togwa," akasema. "Anagawa mwenzio. Keshawapa mpaka watu wa Kigamboni. Mie nimeona nikwambie."

Niliigeuza chupa ile kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta doa la kijani. Nilitafuta sana. Halikuwepo. Mama yule hakuwa na kisanduku cha kioo wala meza ya chuma. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akibandua nyama ya ndani ya uyoga kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, na kuitumbukiza chupani juu ya mvuke wa sufuria inayochemka, kwa mikono iliyozoea kulinda chungu miaka arobaini. Chupa yake ilikuwa safi kuliko baadhi ya zangu. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Niliitisha kikao uani kwa mwenyekiti wao. Walikaa mkekani, mimi nikasimama. Nikaiweka chupa katikati, nikamuuliza mbele ya wenzake ni ngapi na ziko wapi. Hakuficha. Alisema ni kumi na moja. Moja ndiyo hiyo. Nyingine alimpa mdogo wake wa Kigamboni, na wifi ya mdogo wake, na jirani yao mmoja mwenye mgonjwa ndani.

"Hawana chochote wale, mwalimu. Nikaona mbegu si inazaa tu, haipungui."

"Hii siyo togwa!" nilipiga kelele. "Unajua nimeteseka miaka mingapi? Unajua ukungu ukiingia kwenye hizo chupa zako utatuua wote? Kachemshe zote. Na ulizogawa uende ukazikusanye, uchemshe. Nisisikie imebaki hata punje moja. Na kikundi hiki umetoka leo."

Aliinuka taratibu, akajifunga kanga vizuri. Mwanamke wa umri wa mama yangu akaniambia, "Sawa mwalimu. Naomba radhi." Akachukua chupa yake ya kumi na moja. Hakuna aliyemtetea, na mimi nilidhani ukimya ule ulikuwa wa kunikubali. Haikupita mwezi nikasikia amefunga baraza lake la togwa, amehamia kwa mdogo wake Kigamboni, kwa kuwa hakuweza kupita mtaani na jina la mwizi wa mbegu. Nilisikitika kidogo. Nikajiambia sheria ni sheria, nikaendelea na kazi.

Masika yakaingia. Mvua ile ilinyesha siku nne mfululizo, na mizigo yangu ya majani ya migomba, iliyokuwa uani, ilianza kulowa. Nilikuwa nawafundisha watu tangu siku ya kwanza kwamba majani ya sokoni ambayo hayajachemshwa hayaingii kwenye chumba cha mbegu hata kwa bahati mbaya. Nikayaingiza. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, nina haraka ya kuwahi chuoni, na nikasema ni kwa siku moja tu. Yalikaa siku tano, yameegemea friji.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi nilipotoa kichupa kimoja nikaona uso wa nyuzi umekatikakatika, kana kwamba mtu amepitisha sindano. Nilichukua lenzi. Kulikuwa na vidoa vinavyotembea. Utitiri. Kila aliyefuga kuku anaujua wa kuku. Huu wa majani ni mdogo zaidi, hupita kwenye pamba kama hakuna kizuizi, unatoka chupa hii unaingia ile, na miguuni umebeba ukungu. Nikatoa kichupa cha pili, cha tatu, cha kumi. Niliketi sakafuni na vichupa ishirini na vinne mbele yangu, na njia za utitiri zilionekana wazi kwenye kila kimoja, na kwenye vingi tayari kijani kilikuwa kimeanza kuchipua kwenye zile njia.

Nilipambana. Niliomba ruhusa ya ugonjwa chuoni, na kusema kweli nilikuwa mgonjwa. Nilikata ncha za nyuzi zilizoonekana safi, nikazihamishia kwenye uji mpya wa viazi, nikachoma sindano kwenye moto mpaka vidole vikaungua. Siku ya tatu nyuzi zilionekana nyeupe, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya tano zikawa kijani. Nikakata tena. Zikawa kijani tena. Nilifika mahali pa kuzungumza na vichupa, nikiviomba, nikivitukana. Nilikuwa silali, sili, na kila simu ikiita nilijua ni Temeke.

"Mwalimu, mifuko imeota kijani yote," aliniambia yule aliyeachia genge la nyanya. "Nisubiri au nifanyeje?"

"Subiri," nilimwambia. "Nakuja na mbegu mpya."

Chupa nilizowapa mara ya mwisho zilikuwa zimeshaguswa na utitiri kabla sijajua. Niliwapelekea ugonjwa kwa mikono yangu, ndani ya kikapu, nimeufunika kwa kitambaa safi. Na mifuko yao ya zamani, ile iliyokuwa na afya, ambayo ningeweza kukata kipande cha uyoga na kuanza upya, ilikuwa imechemshwa na kutupwa. Sheria yangu waliifuata yote. Nilimuuliza mmoja mmoja kama labda alizembea, labda kuna mfuko ulisahaulika nyuma ya mlango. Walijibu kwa fahari kwamba hawajawahi kuzembea.

Nilirudi Mbagala kwenye nyumba ile ya msiba. Pale kando ya choo pamesakafiwa. Mwenye nyumba mpya aliniambia kisiki kiling'olewa, kikakauka, kikapikiwa ubwabwa wa shughuli ya binti yake. Nilizunguka kila uwanja wenye mkorosho nikiwa na kisu na mfuko, watu wananitazama. Nilipata uyoga wa aina mbili, nikaujaribu wote. Mmoja ulikuwa mchungu, mwingine haukukubali kuota kabisa. Nilikuwa nimepewa kile kitu mara moja, msibani, na sikukipata tena.

Ndipo nikazikumbuka zile chupa kumi na moja. Sijui kwa nini zilichelewa kunijia akilini. Labda aibu ndiyo iliyozificha. Mama yule aliwahi kuvunja sheria yangu mara moja. Mtu aliyevunja mara moja, tena kwa kuwahurumia ndugu zake, si angeweza kuvunja na ya pili? Si angeweza kuchemsha kumi na kuficha moja?  Nikampigia yule wa genge la nyanya, nikamwambia Ijumaa mbegu itakuwepo, awaambie na wenzake. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi nikashuka Magogoni kupanda pantoni, na muda wote wa kuvuka nilikuwa naomba jambo ambalo sikuwahi kudhani ningeliomba: kwamba mama yule awe alinidharau, awe aliniona kitoto chenye majivuno, asiwe amenitii.

Nilielekezwa kwa kuulizia togwa. Nyumba ya mdogo wake iko kwenye mchanga, ua wa makuti, benchi nje. Kabla sijapiga hodi niliziona chupa. Zilikuwa zimepangwa kwenye meza kando ya chungu, chupa za juisi za mdomo mpana, na nilizitambua. Zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa zimejazwa togwa ya kuuza.

"Mwalimu! Karibu, karibu sana!" Alifurahi kweli, hilo ndilo lililoniumiza kwanza. "Mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo." Alichota togwa kwa kata, akanijazia kikombe. "Wenzangu wa kule hawajambo?"

Nilisema hawajambo. Nikanywa. Ilikuwa ya baridi, ina uchachu kidogo, nzuri sana. Mwishowe nikaweka kikombe chini.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nilikudhalilisha mbele za watu."

"Aa, yameisha hayo. Ulikuwa na hasira, na mie nilikosa."

"Na nimekuja kuomba mbegu."

Akanitazama, halafu akacheka, akanipiga kidogo kwenye goti. "Unanipima, mwalimu."

"Sikupimi."

"Unanipima, nakujua. Sikia, haki ya Mungu nilichemsha. Muulize mdogo wangu yuko ndani." Alisogea karibu, na akaanza kunieleza kwa haraka, kama mtu anayetoa ushahidi. Alizunguka nyumba zote tatu na kapu. Wifi ya mdogo wake alinuna lakini akatoa. Yule jirani mwenye mgonjwa alikataa, akaificha chupa yake chini ya kitanda cha mgonjwa, akasema mtama umeshakuwa mweupe, aachiwe hii moja tu. Mama wa togwa alimrudia mara mbili. Mara ya pili alimwambia kwamba mwalimu amesema ukungu utawaua wote, na yule jirani akaitoa huku analia. "Nikazitia zote kwenye sufuria langu kubwa. Nikasimama hapohapo mpaka maji yakatokota, nikaongeza na muda, nisije nikaonekana muongo mara ya pili. Mtama nikawamwagia kuku. Hata punje haikubaki, mwalimu. We ulisema hata punje."

"Nilisema," nikamjibu.

 Nadhani hapo ndipo aliponiangalia vizuri, macho yangu na vidole vilivyoungua.

"Lakini yako si ipo?"

"Haipo, mama."

"Ile ya kwenye friji."

"Imekufa yote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aligeuka akazitazama zile chupa kumi na moja mezani. Alizitazama moja moja, midomo yake ikicheza kama anazihesabu. Kisha akakaa kwenye mchanga, si kwenye benchi, akaiweka kanga usoni.

"Mbona hukuniambia nibakishe hata moja?" alisema ndani ya kanga. "Toka nizaliwe sijamaliza chungu, mwanangu. Mama yangu hakuwahi kumaliza, bibi yangu hakuwahi. Nimemaliza hiki kimoja kwa sababu wewe umesoma."

 Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikaa pale kwenye benchi na kikombe mkononi, na mdogo wake akatoka ndani kuuliza nani analia.